Siku ya Kwanza Tumba

Roméo alimwaga kahawa mezani, akaifuta kwa skafu yake mwenyewe. Brigitha aliiwahi tableti ya maswali kabla haijalowa.

"Acha, kaka. Kaa kwanza."

Roméo akakaa. Ilikuwa siku yake ya kwanza katika kituo kimoja cha Tumba, wanakotibiwa vijana waliozama kwenye bangi na vidonge. Kabla ya dawa yoyote, kila kijana huulizwa kuhusu hali yake ya akili. Walianza kwa Kiswidi, lakini Kiswidi cha Roméo kilimpotea. Walipotambuana kwa lafudhi, Roméo ya Warundi wa kitongoji cha Tensta, Brigitha ya Watanzania wa kile cha Norsborg, wakahamia Kiswahili.

Brigitha akafuta kioo cha tableti kwa mkono wa sweta, akasoma swali la kwanza.

"Unalala vizuri?"

"Jana sikulala kabisa. Nikisinzia, naota mlango wa hapa."

"Pole. Nyumbani wanajua uko hapa?"

"Mama ameliambia kanisa zima."

"Wanakuombea?"

"Wanafunga, dada."

Brigitha akauma mdomo asicheke. Maswali yale aliyajua kwa moyo. Aliendelea karibu bila kutazama.

"Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Ya mama."

"Inasema nini?"

"Vaa kofia."

"Umetumia chochote leo?"

Roméo akaitazama skafu yake. "Kahawa. Nyingi. Tafadhali usiandike."

"Siandiki. Umewahi kuona ni heri usingekuwepo?"

"Hapa, au duniani?"

"Popote."

Roméo alifikiri kwa uaminifu. "Hapa tu. Dakika chache zilizopita nilitaka kushuka hadi stesheni, nipande treni, nisirudi tena."

Safari hii Brigitha hakuona la kuchekesha. Akaangalia nje, kwenye theluji iliyochafuka ya maegesho.

"Wengi hunyamaza tu wakiingia chumba hiki," alisema. "Wanaogopa wakianza kusema hawataweza kuacha. Wewe ukiwa na hofu hivyo, unamwambia nani?"

"Simwambii mtu. Nitamwambia nani? Leo nimekuambia wewe."

"Na unajisikiaje?"

Roméo akashangaa kuona mikono yake imetulia juu ya magoti. "Afadhali. Kweli, afadhali."

Mlango ukafunguliwa. Veronica, mkuu wa kituo, akachungulia, akaona meza iliyolowa na skafu iliyogeuka rangi ya udongo.

"Mnaendeleaje?" aliuliza kwa Kiswidi. "Mgonjwa amekubali kuongea?"

"Bado," Brigitha akajibu, akimrudishia Roméo tableti yake ya kazi. "Tumeanza na nesi." Akavuta pumzi, akamgeukia Roméo na kurudi kwenye Kiswahili. "Haya, kaka, andika. Mimi pia silali."