Upande wa Ukutani

Nasimiyu aliandika kwamba alipomaliza kuitazama filamu ile alilala na taa ikiwaka. Uongo mtupu. Taa aliizima, usingizi ukamjia vizuri, na filamu yenyewe hakuwa ameiona hata kidogo.

Lakini angesema nini, jamani? Kwenye grupu la Waoga wa Magharibi, watu wa Kitale, Bungoma na Webuye wanaopenda muvi za kutisha, anayekiri kwamba hajaona kitu huchekwa mpaka achoke, kisha husahaulika. Wangechi alikiri. Mpaka leo akisalimia, hakuna anayeitikia.

Na Nasimiyu hakuwa na kwingine pa kusalimia. Bintiye alienda chuo na kompyuta ndogo waliyokuwa wakitazamia muvi pamoja, na nyumba yao ya Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ikabaki na redio. Kutwa aliuza mbegu na dawa za ng'ombe dukani kwake. Jioni alikula ugali peke yake, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Simu yenyewe ilikuwa ya kuandikia tu. Muvi moja ingemaliza bando la intaneti kabla hata jina halijatokea. Kwa hiyo alisoma walichoandika wengine, akaongeza chumvi kidogo.

Filamu iliyowagombanisha iliitwa Upande wa Ukutani. Aliyeileta ni Jaswant, mwenye duka la spea za magari Kitale. Alisema ni zile zilizojificha huko chini kabisa mtandaoni, mahali hakuna anayejisumbua kutafuta. Mwanamke anaishi peke yake, na kila akiamka anakuta upande wa pili wa kitanda, ule wa ukutani, una joto. Basi. Hakuna damu, hakuna anayekimbia.

"Muvi gani hiyo mtu analala tu?" aliandika Kagwe, msimamizi wa grupu. "Hata mimi nilisinzia katikati. Muvi isipoua mtu kabla chai yangu ipoe, mimi natoka."

"Wewe unataka watu wachinjwe kila ukikohoa," Nasimiyu alimjibu. "Hofu ni maharagwe, bwana. Iache ichemke. Ile sehemu anatandika kitanda cha watu wawili bila kujijua, si nilitetemeka!"

Sehemu hiyo aliitoa kichwani mwake. Akafumba macho akingoja kuumbuliwa. Wapi! Grupu zima lilimuunga mkono. "Eeh, hapo hata mimi!" "Hapo ndio muvi yenyewe!" Hata Kagwe alikubali kwamba hapo ndipo alipoamka. Kumbe alikuwa amebahatisha. Jaswant ndiye aliyeandika mwisho: "Hapo umeona vizuri, dada."

Kuanzia siku hiyo Jaswant akawa anamwandikia pembeni. Alimwambia mkewe alifariki mwaka jana, na kwamba tangu hapo yeye na jiko hawaelewani. Alimuuliza siku imeendaje, ng'ombe wa Mabanga wanaugua nini. Lakini kila mara maneno yalirudi kwenye filamu.

"Mimi ningekuwa huyo mama, ningehama," aliandika jioni moja. "Wewe je?"

"Ahame aende wapi?" Nasimiyu akajibu bila kufikiri. "Angalau hapo kuna mtu."

Jaswant hakuandika tena siku hiyo, na Nasimiyu akaumia, akidhani amemkosea. Kesho yake ujumbe uliingia: "Jumamosi nakuja Bungoma kuchukua mzigo. Nikununulie chai, uniambie vile umeelewa mwisho."

Mwisho! Hakuna aliyewahi kuuandika. Sheria ya grupu ilikataza kuwaharibia wengine utamu. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumuuliza siku yake imeendaje, na Jumamosi mtu huyo angemjua kuwa ni mwongo.

Alifunga duka mapema akaenda mbio kwa Mukhwana, anayeuza muvi karibu na stendi ya Bungoma. Mukhwana alipekua kompyuta yake juu mpaka chini.

"Haiko, mathe. Lakini niliiona, ni noma! Nimeifuta juzi tu."

Nasimiyu alitoka mnyonge. Bungoma nzima imeiona isipokuwa yeye.

Jumamosi alimkuta Jaswant hotelini, kilemba cha bluu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa mchovu kuliko picha yake. Aliagiza chai na sambusa, akazungumzia barabara na mvua, kisha akasogeza kiti.

"Haya, dada. Mwisho. Wewe ulionaje?"

Nasimiyu alikuwa amekuja na uongo wa kutosha grupu zima. Aliuangalia uso ule uliochoka. Aliona heri ampoteze sasa kuliko kumdanganya tena.

"Nisamehe, Bwana Jaswant. Hiyo filamu sijaiona. Hata kidogo. Niliogopa ukijua hutaniandikia tena."

Akashika mkoba wake ainuke aende zake. Jaswant hakukasirika, wala hakushangaa. Alikiweka kikombe chini.

"Keti, dada," alisema. "Hakuna filamu. Kitanda ni changu, na hata leo asubuhi upande wa ukutani ulikuwa na joto."