Mashabiki wa Kasigau

Kimanzi alikata wimbo katikati ya ubeti, akaivuta maikrofoni karibu.

"Zitoshe hizo ngoma," aliwaambia wasikilizaji. "Sasa tuongee mambo ya maana."

Mambo ya maana yalikuwa Kimanzi mwenyewe: safari zake, suti zake, na jinsi Voi ilivyobahatika kumpata.

Redio Mwamba haikuanza hivyo. Wakio, mtangazaji wake wa kwanza, aliianzisha pamoja na Crispus, mwenye kituo, katika chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Alipiga ngoma za Kitaita za mwazindika, benga na kwaya za milimani, na hapakuwa na kinyozi mjini aliyefungulia stesheni nyingine. Kisha Kimanzi akaletwa kutoka Nairobi awe meneja. Jambo la kwanza alilofanya ni kujipa kipindi cha jioni. Sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, naye aliipenda kuliko mtu anavyopenda mtoto wake.

Vinyozi wakahama. Madereva wa malori pale Maungu wakahama. Crispus akaanza kunong'ona kwamba jioni arudishiwe Wakio na muziki wake.

"Fanya hivyo uwapoteze mashabiki wangu wa kule mlima Kasigau," Kimanzi alimjibu.

Hapo Crispus alikwama. Ni kweli, Kasigau walipiga simu kila siku. "Meneja, leo utaongea?" "Meneja, usiweke wimbo, tafadhali. Wewe ongea tu." Siku ile koo lilipomuuma asitangaze, mama mmoja alipiga simu nusura alie.

"Wewe, kuna aliyewahi kukulilia?" Kimanzi alimuuliza Wakio huku akicheka, mbele ya wafanyakazi wote.

Wakio alikunja nyaya za laptopu yake, akaenda zake.

Crispus bado alisitasita. Basi Kimanzi, ili amalize ubishi, akarekodi kipindi mapema, akampakia garini wakawaone mashabiki hao kwa macho. Alivaa miwani ya jua na kubeba bahasha ya picha zake, za kugawia watu. Barabara iliwarusharusha mchana kutwa. Walipofika chini ya mlima, jua lilikuwa likizama.

Hata kabla hawajashuka, waliisikia. Sauti ya Kimanzi ilinguruma kutoka kila upande, redio zote zimefunguliwa hadi mwisho.

"Umesikia?" alimwambia Crispus, machozi yakimlengalenga. "Hii ndiyo redio. Wakio wako alikuwa anacheza."

Mama Ndanu, mkulima wa pale, alikuja mbio akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe mwenyewe? Mungu akuweke, baba! Hii sauti yako hatuizimi!"

"Niitie familia, mama. Tupige picha mkinisikiliza hapo sebuleni."

"Sebuleni?" Mama Ndanu alishangaa. "Redio iko kule."

Alinyoosha kidole. Ukingoni mwa shamba la mahindi, redio ilikuwa imefungwa juu ya nguzo, ikibwata kuelekea porini. Kwa jirani vilevile. Na kwa jirani wa jirani.

"Tulimjaribu Wakio kwanza," alisema, "ndovu wakala mahindi huku wanasikiliza. Lakini wewe ukifungua mdomo tu, baba, wanakimbia mpaka kwenye reli."