Unyevu wa Ukucha Mmoja

Walikuwapo kuku waliolima. Desturi yao ilikuwa moja: Jogoo akiliwikia wingu la kwanza, mbegu zote zinapandwa siku hiyohiyo.

Mwaka mmoja wingu lilitanda mapema, likamwaga manyunyu. Jogoo akapanda juu ya ghala. Mkewe Mtetea, aliyeshinda akichakura ardhi, akamwambia kwa hofu, "Baba Vifaranga, subiri. Mvua za siku hizi zinadanganya. Unyevu umefika ukucha mmoja tu, chini ni vumbi."

"Tangu lini kuku jike akawika?" Jogoo akamkata kauli, kisha akawika.

Mbegu zikapandwa, zikachipua, jua likaziunguza zote. Vifaranga wakaanza kufa njaa mmoja mmoja.

Wingu la pili lilipokuja, Mtetea alifukua chini ya kiota chake kibaba cha mbegu alichokuwa amekificha. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Akamwambia mumewe, "Haya, wika."

Jogoo akapanda ghala, akafungua mdomo. Vifaranga watatu waliobaki wakamtazama. Akaufunga tena. Akashuka taratibu, akamnong'oneza mkewe, "Mama Vifaranga, kumelowa kucha ngapi?"