Kofia ya Shomvi

Bi Riziki aliishona kofia kwa shati kuukuu la mumewe, ili mzee asiione ngeni. Mashine ya kukatia herufi ilimtolea jina SHOMVI na namba ya simu ya Bi Riziki mwenyewe katika plastiki nyekundu. Akazibandika mbele kwa pasi ya moto, akizikandamiza hadi kiganja kikamuuma. Mara mbili mwezi ule mumewe alikuwa ametoka, akasahau njia ya kurudi. Sasa atakayemwokota atajua ampigie nani.

Akamvika. Mzee akaivua, akaisoma polepole kwa kidole.

"Dada, hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe, mume wangu? Shomvi ni wewe!"

Mzee akatabasamu kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kumuudhi mwenyeji wake. "Mimi cha mtu sichukui."

Kila alipomvika, aliivua. Harufu ya kitambaa kuungua ikamkumbusha Bi Riziki pasi, akakimbilia ndani kuichomoa.

Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na geti li wazi. Kofia ilikuwa imetundikwa juu ya nguzo ya geti, herufi zikitazama barabarani, ili mwenyewe akipita aione.