Dawa ya Pili

"Mama, nipe hiyo nyingine!" polisi alipaza sauti, amepiga magoti nyuma ya kibanda cha kinyozi pale Amalemba. Alikuwa amempulizia puani dawa ya kumzindua kijana wa jirani yake Nekoye aliyezidiwa na heroini, lakini midomo ya kijana ilibaki ya kijivu.

Chupa ya pili ya dawa hiyo polisi alikuwa amempa Nekoye amshikie. Ilikuwa ndogo, nyepesi, inatoshea kiganjani. Mwaka jana polisi huyuhuyu alifika kwake mikono mitupu, akamsaidia tu kumfunika shuka mwanawe Nekoye, aliyeuawa na heroini hiyohiyo.

"Hii dawa mlipewa lini?" Nekoye aliuliza.

"Juzi tu. Nipe, mama, anakufa!"

"Dada, tafadhali!" mama wa kijana alilia.

Nekoye alimtazama mama huyo kwa wivu. Kwa nini wake aamke, na wangu hakuamka?

Vidole vyake vilichelewa kufunguka. Polisi akainyakua chupa, akapuliza. Kijana akakohoa, akavuta pumzi kwa nguvu, na mama yake akamwangukia kifuani, akilia na kucheka.

Kisha akainuka kumkumbatia Nekoye. "Mungu akubariki, dada."

Nekoye akamsukuma.

"Usiniguse mimi," alisema. "Mshike wako."