Treni Imekwama Fela

Treni ilizimika kwenye kona ya Fela, na Mzee Shigela akasimama kutafuta kofia yake ya udereva.

"Mama, mzuie!" Malimi alipaza sauti kutoka chini ya meza. "Kaa mlangoni!"

Mama yake, Bernadeta, alikuwa ameshafika mlangoni na ungo wake wa mchele kabla hajaambiwa.

Kituo hiki cha Fela kilikuwa boksi la kiberiti juu ya meza kubwa, katikati ya sebule yao ya Mkuyuni. Mantare, kituo cha kabla yake, ilikuwa kopo la dawa ya viatu. Kichwa cha treni kilikuwa cha kuchezea watoto, ila chenye mota ya kweli, na kilitoka kwenye robota la mitumba. Reli Malimi alizikata mwenyewe kwenye makopo ya mafuta ya kula, kila kipande na waya wake chini ya meza hadi kwenye betri ya gari. Kabla ya kupunguzwa kazini mwaka huu, alikuwa fundi wa waya za ishara relini. Sasa kituo chake kilikuwa hiki.

Tena haukuwa mchezo. Kila asubuhi treni ya kweli ilipopiga honi kukaribia Mkuyuni, mzee, dereva mstaafu, alitaka kwenda kuiendesha. Akiona hii ndogo imeingia Mwanza ya mezani kwanza, alitulia. Asipoiona, alitoka. Mwezi uliopita alitoka kweli. Malimi alimkuta amesimama katikati ya reli, akamvuta kwa shati, na kifungo kikabaki mkononi.

Mambo hayo yalianza wiki ile ile Malimi alipoteleza kwenye miamba ya ziwani, wavuvi wakamtoa majini akiwa hoi. Majirani walisema ni mshtuko. Mtoto mwenyewe mmoja, na nusura aende na maji! Tangu hapo mzee hakumwacha mwanawe hata kidogo, alimfuata mpaka mlango wa choo. Bernadeta naye alifungia sandukuni visu, nyembe, kamba ya mbuzi na dawa ya panya, ufunguo akautundika shingoni. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo haichezewi.

Malimi aligusisha balbu ya pikipiki kwenye reli. Pale Mantare iliwaka. Pale kona ya Fela haikuwaka.

"Waya umekatika tena," alisema. "Panya wa nyumba hii wanajua pa kuuma. Mama, nipe ile dawa niwamalize."

"Dawa haitoki sandukuni," Bernadeta alijibu upesi. "Wataondoka wenyewe. Humu kuna nini cha kula?"

"Kofia yangu iko wapi?" mzee aliuliza. "Abiria wananisubiri."

Malimi alibomoa tuta la udongo alilolifinyanga jana, akavuta waya huu, akavuta ule. Zote nzima. Jasho lilimwingia machoni. Mbali, nyuma ya vilima, honi ililia mara ya kwanza.

Akaitupa balbu.

"Nimechoka, mama. Nimechoka na kila kitu. Niacheni tu."

Ungo ulimponyoka Bernadeta, mchele ukatapakaa sakafuni. Hakuutazama.

Ni mzee aliyejibu, kwa sauti ya kazini kabisa. "Fundi haachi zamu kabla hajapokelewa. Wewe nani amekupokea?"

Malimi alimtazama kwa huruma baba yake, aliyekuwa ameshaipata kofia na kuivaa upande.

"Hakuna, baba."

"Basi rudi kazini."

Akarudi chini ya meza. Safari hii hakuyategemea macho, akapapasa kwa vidole, na nyuma ya mguu wa meza akagusa ncha mbili za waya uliokatika.

"Mama, wembe! Haraka!"

Bernadeta alifungua sanduku, akampa, akasimama juu yake mpaka wembe uliporudi mkononi mwake na sanduku likafungwa. Nyuma yao komeo la mlango lililia. Mzee alikuwa amelifungua. Honi ya pili ikapigwa, safari hii karibu sana.

Hapakuwa na muda wa kulehemu. Malimi alizibana zile ncha alizozimenya kwa vidole vyake, akazishikilia.

"Baba! Angalia mezani!"

Treni ikatikisika, ikaondoka Fela, ikaimaliza kona, ikaingia Mwanza na kugonga kipande cha ndala kilichoziba mwisho wa reli. Nje, ile ya kweli ilipita ikitetemesha mabati.

"Imefika," mzee alisema. Akavua kofia, akaketi.

Malimi alicheka huku machozi yakimtoka. "Mnaona? Nisingekuwepo mimi, leo tungemzika baba." Kisha akaomba maji ya kuoga, na akitoka huko akute ugali, tena mkubwa. Alikuwa hajaomba chakula mwenyewe siku nyingi. Akaenda zake bafuni, nyuma tu ya dirisha, akipiga mluzi.

Bernadeta aliusikiliza ule mluzi mpaka maji yakaanza kumwagika. Akavua ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akautoa wembe na kumpa mumewe.

Mzee Shigela alivaa miwani yake, akapiga magoti chini ya meza. "Nimulikie tochi," alisema taratibu. "Nikate pagumu zaidi. Pa leo ameshapajua."

"Na wewe utapona lini, baba Malimi?"

"Siku akipona yeye."