Taulo la Mshindi

Ilibaki mikono mitatu tu Sekela aguse kamba. Akasita. Akatazama ukingoni, akageuza mgongo, akazama.

"Piga maji, we mwanamke! Piga!" Suleimani, kocha wake, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Winfrida, mwogeleaji wa kiwanda cha chai, akampita na kugusa kamba. Ziwa Masoko lote likavuma. Nafasi ya kwenda Dar kwenye mchujo wa timu ya taifa ikawa imekwenda hivyo, kama moshi.

Mzee Andongwisye akamfunika Winfrida taulo jipya. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru. Suleimani akamwonea mzee huruma. Alikuwa amekwenda mwenyewe kijijini Suma kumwalika aje amfunike mshindi taulo, bila kumwambia nani ataogelea, iwe furaha ya ghafla. Sasa mzazi wa watu anamfunika binti wa mwingine!

Hasira zikampanda. Enzi hiyo ya ruksa, nini hakikuuzwa? Kiwanda kilipata tajiri, ushirika ukafa, wachuma chai wakaambiwa kwaherini. Na leo wamemnunua Sekela.

Mwaka mzima alimfundisha, bure. Alikuwa na picha kuukuu aliyoiokota kwenye nyumba ya mlowezi: msichana wa Uskoti, bingwa wa mwaka 1912.

"Huyu Mskoti aliogelea mto unaogandisha mifupa," alimwambia. "Na siku ya ushindi, baba yake alikuwa ukingoni na taulo mkononi."

"Bahati yake," Sekela alisema, akaitazama picha kwa muda mrefu.

Hakukosa mazoezi, ila alichelewa. Njia ya mkato ilipita kwa wazazi wa Obed, mumewe, na mke wa Kinyakyusa haonwi na baba mkwe, wala jina lake halitaji. Basi alizunguka migombani, mvua ije jua lije. Mtu wa namna hiyo leo anauza mbio?

Suleimani alimkuta kwenye matete, maji shingoni, meno yakigongana.

"Wamekupa nini, Sekela? Sema! Kitenge? Kazi kiwandani?"

"Mwondoe kwanza yule wa taulo, kaka Sule. Nimeganda, nashindwa kutoka."

"Kumbe unaona aibu! Nimekutafutia mzazi wako kama yule Mskoti, nawe unajiuza mbele ya macho yake?"

"Mzazi wangu?"

"Si niliuliza Suma, mzee wake Sekela ni yupi? Kijiji kizima kikaninyooshea kidole kwa yule!"

Sekela akajibu bila kugeuka, uso umezama kwenye matete.

"Baba yangu yuko Lupepo, kaka. Huyo ni baba yake Obed."